Programu Iliyongojea Watu wa Mangina

Kasereka, ambaye sasa anakalia kiti changu, ameniomba niwaandikie ninyi mliobaki ofisini namna tulivyofanya kazi kabla hamjafika. Nimekubali, ila habari za vyeo sitaandika. Kila cheo nilichopewa kilikuja na meza ileile na kiti kilekile chenye mguu mfupi, kwa hiyo hakuna cha kusimulia. Nitaandika juu ya programu moja tu, ile ya damu. Ndiyo iliyonifanya nibaki kwenye kazi hii, na mpaka leo nikiifikiria nashangaa kama siku niliyoiona mara ya kwanza.

Niliingia kazini asubuhi moja ya ukungu, juu ya duka la mabati na misumari kule Kimemi, mtaa wa Butembo. Diploma yangu nilikuwa nimeifunga kwenye plastiki ili isilowe. Aliyenipokea ni Mwalimu Muhindo, mkuu wetu. Alikuwa amefundisha hesabu sekondari kwa muda mrefu kabla ya kwenda Kampala kujifunza programu, na ingawa chaki aliiacha zamani, jina la Mwalimu halikumwacha. Diploma hakuiangalia hata kidogo.

"Unajua kuwasha groupe?" aliniuliza, akimaanisha jenereta iliyokuwa kwenye veranda.

"Hapana, Mwalimu."

"Basi tuanzie pale. Apa courant inakatika kila saa. Mwenye hajue kuwasha groupe, programu yake itamusaidia nini?"

Hivyo somo langu la kwanza la programu lilikuwa kuvuta kamba ya jenereta mpaka bega likauma. La pili lilikuwa kupanda juu ya bati baada ya upepo, kurudisha sahani ya satelaiti ielekee ilikotakiwa kuelekea. Mvua ikinyesha, mtandao ulikwenda zake. Tulizoea. Mtu aliyekuwa akituma kazi yake alikunja mikono, akanywa chai, akasubiri mawingu yamalize shughuli yao.

Miaka kadhaa baadaye, banki ya damu ya pale Butembo ilituomba tuwatengenezee programu. Vituo vya afya vya mbali, hasa vya upande wa Beni na Mangina, viliomba damu kwa simu, na kwenye simu mambo yalipotea: jina lilisikika vibaya, kundi la damu lilisahaulika, pikipiki ilitumwa kituo kisichohusika. Walitaka muuguzi aingie kwenye ukurasa, aulizwe maswali moja baada ya lingine, na mwishoni ombi lifike likiwa limekamilika. Maswali yenyewe hayakuwa yaleyale kwa kila mama. Aliyewahi kutoka damu nyingi kwenye uzazi uliopita aliulizwa mengine. Mwenye mimba ya mapacha aliulizwa mengine tena.

Mimi nilianza kuiandika kama nilivyofundishwa. Mtandao una tabia moja ambayo vijana mnaizoea bila kuifikiria: seva ikishakutumia ukurasa, inakusahau. Ukijibu, programu inaanza upya kabisa, na lazima ijiulize wewe ni nani, ulikuwa umefika wapi, ulijibu nini. Kwa hiyo nilijaza kurasa zangu alama za siri za kukumbushia, na kila ukurasa ulianza na mlolongo wa "kama ametoka hapa, kama ametoka pale." Baada ya majuma machache sikujua tena ni njia ipi inakwenda wapi. Nilichora ramani ya kurasa ukutani. Ilifanana na nywele za mtu aliyeamka.

Mwalimu alisimama mbele ya ile ramani kwa muda mrefu.

"Ungekuwa unamuuliza ule mama wewe mwenyewe, uso kwa uso, ungefanya hivi?"

"Hapana. Ningemuuliza jina, nangojea anajibu, namuuliza kundi, nangojea anajibu."

"Basi andika vile."

"Mwalimu, programu haiwezi kungojea katikati ya mustari."

"Inaweza," alisema, akavuta kiti.

Ndipo nilipojua mwendelezo ni kitu gani. Alinionyesha lugha ya programu ambayo, ikifika kwenye swali, inaweza kuikamata kazi yote iliyobaki: mstari ambapo imesimama, hesabu iliyokuwa nusu, majina yote iliyokuwa inayashika. Inaifunga, inaipa namba, inaiweka kando. Namba hiyo inakwenda na ukurasa kwa muuguzi. Jibu likirudi na ile namba, kazi inafunguliwa, na mstari unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea katikati. Hiyo kazi iliyobaki ndiyo mwendelezo.

Aliandika mistari michache: uliza jina, uliza kundi, kama amewahi kutoka damu uliza lini, onyesha, tuma. Nilijibu swali la kwanza, nikaenda kununua mandazi, nikarudi, nikajibu la pili. Programu ilinipokea kwa jina. Nilibonyeza kitufe cha kurudi nyuma, nikabadilisha jibu, nikaenda mbele. Ikanifuata kwenye njia mpya. Nilifungua tena ile njia ya zamani, na yenyewe bado ilikuwa hai. Nilikaa pale nikaacha mandazi yapoe. Nilikuwa nimefanya kazi na mashine miaka yote hiyo, na sikuwahi kufikiri kwamba kitu kinachoitwa "baadaye" unaweza kukishika mkononi, ukakiweka kando, ukakichukua tena.

Mbinu hii hatukuitumia kila mahali, na hili mlikumbuke. Ukurasa wa kusoma tu, kama ule wa kuonyesha damu iliyopo, hauna haja nayo. Huo mtu anataka kuuhifadhi na kuufungua kesho, na anwani yenye namba ya mwendelezo uliokwisha kufa itamletea ukurasa mtupu na hasira. Tena kila mwendelezo unakula nafasi kwenye mashine. Tuliuweka pale tu palipokuwa na maongezi ya kweli kati ya mtu na programu. Ramani yangu niliibandua ukutani siku hiyohiyo.

Programu ilianza kazi vizuri. Kisha asubuhi moja simu ililia. Alikuwa Mama Kahindo, mzalishaji, yaani mkunga, wa kituo kimoja kule Mangina. Nilikuwa ninamjua kwa sauti tu.

"Mama Kavugho, hii mashini yenu inanichanganyia bagonjwa. Niliandika Kavira, njo naona inanipa Katungu. Kundi ni ya Kavira, lakini jina ni ya Katungu."

"Ulishatuma?"

"Nitume namna gani? Nilisoma kwanza."

Mwalimu alisimamisha programu palepale. Alipiga simu banki ya damu, akawaambia warudi kwenye simu na kalamu, kila jina litamkwe herufi kwa herufi. Kavira na Katungu walipata damu yao kwa njia ya zamani, nasi tukabaki na programu ambayo hakuna aliyethubutu kuifungua. Maabara hupima damu tena kabla ya kumwekea mtu, hilo tulilijua. Lakini hakuna aliyelitamka kwa sauti. Lingekuwa ni kujitetea.

Tulijaribu kuirudia ile hitilafu ofisini. Tuliandika Kavira, ikatoa Kavira. Tuliandika Katungu, ikatoa Katungu. Tulibonyeza nyuma, mbele, haraka, polepole. Kila kitu kilikuwa safi. Hitilafu isiyotaka kuonekana inatisha kuliko inayoangusha mashine, kwa sababu unaanza kumshuku aliyekuambia. Mwalimu hakuturuhusu kufika huko.

"Ule mama aliona kitu," alisema. "Kavugho, uende ukae karibu naye."

Nilikwenda Beni kwa gari, kutoka Beni mpaka Mangina kwa pikipiki, katikati ya mashamba ya kakao. Kwenye lango la kituo ilikuwepo ndoo ya kunawia mikono, iliyobaki tangu wakati wa mlipuko wa ugonjwa, nami nikanawa kama kila mtu anavyofanya kule bila kuambiwa. Mama Kahindo alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa kutembea, ambaye aliongea nawe huku akifanya kazi nyingine mbili. Nilimwomba afanye kama kawaida, mimi niangalie tu.

Alifungua programu kwenye simu yake, akachagua kituo. Ukurasa wa jina ulipotokea, aliubonyeza kwa kidole akakishikilia, akachagua dirisha jipya. Sasa alikuwa na madirisha mawili ya ukurasa uleule. La kwanza alimwandika mama mmoja, akabonyeza. Wakati ile duara ya kungojea inazunguka, akahamia la pili, akamwandika mama mwingine.

"Kwa nini unafanya vile, Mama Kahindo?"

"Réseau ya internet iko inachelewa. Hii ikiwa inazunguka, mi niko nafanya ingine. Nikae tu naiangalia?"

Hapo ndipo tulipokuwa hatujafika sisi wote pale Kimemi. Kwetu kila mtu alifungua dirisha moja, kwa sababu sahani ilikuwa juu ya kichwa chetu na ukurasa haukuchelewa.

Nilirudi nikaandika mstari wa kuonyesha, kwenye kila ukurasa, namba ya kile kitu ambamo programu ilihifadhi habari za mgonjwa. Nikafungua madirisha mawili kama yeye. Namba zilikuwa sawa. Madirisha mawili, maongezi mawili, lakini yote mawili yalikuwa yanaandika kwenye karatasi moja ndani ya mashine.

Mwalimu alipoiona alicheka kwa furaha, kama mwanafunzi aliyepata jibu.

"Mwendelezo unakumbuka pale ulisimama," alisema. "Unakumbuka pia kitu gani ulishika. Lakini haukumbuki kile kitu kilikuwa namna gani. Mutu mwingine akikibadilisha, ukirudi utakikuta kimebadilika. Sisi njo tulikosea, hapana yeye."

Dawa ilikuwa kuacha kubadilisha kitu. Kila jibu likija, tengeneza kipya chenye habari za zamani pamoja na hilo jibu, cha zamani ukiache kilivyo. Tulipitia programu nzima, mstari kwa mstari, tukitafuta kila mahali tulipobadilisha kitu mkononi. Tulipomaliza nilifungua madirisha mengi kuliko kichwa changu kinavyoweza kufuatilia, kila moja na mama wake, nikayajibu ovyoovyo, nikirudi nyuma na kwenda mbele. Kila mama alifika mwisho na jina lake, kundi lake, mimba zake. Nilienda kwenye veranda nikaangalia watu wa sokoni wakipita, kila mmoja na safari yake, na nikafikiri kwamba ndani ya ile mashine ya vumbi kulikuwa na kitu kinachofanana na hicho, na hakuna aliyegongana na mwenzake.

Baada ya muda Mwalimu aliacha kazi, akaenda kwenye shamba lake upande wa Lubero, na Kasereka akaja. Alikuwa kijana mwenye haraka na mikono mizuri. Programu ilikuwa imekua. Sasa haikuishia kwenye kutuma ombi. Damu ikishaondoka, ilimwuliza mzalishaji: mama amejifungua? Na hapo ilisimama mpaka ajibu, kwa sababu banki ilitaka kujua kila mfuko ulifikia wapi.

Kisha vikaja vile vipindi vya mashambulizi ambavyo ninyi wote mnavijua. Watu wa vijiji vya upande wa Mangina walikimbia. Walikuja Beni, walikuja Butembo, na magodoro kichwani na watoto wameshikwa mikono. Kwenye mashine yetu hilo lilionekana kwa namna moja tu: majibu yalinyamaza. Maongezi yote ya upande ule yalibaki yamesimama kwenye swali, na kumbukumbu ya mashine ikazidi kujaa.

Kasereka alinigeuzia kiti. "Mama, mashini iko inachoka. Ile miendelezo ya Mangina tuiue. Hakuna mutu wa kuijibu."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ndivyo vitabu vya kazi yetu vinavyofundisha: mwendelezo ulionyamaza unafutwa, wengine wapate nafasi.

"Bale batu hawakufa, Kasereka. Bako mu njia."

"Sasa tufanye je? Mafuta ya groupe nayo inaisha, na gari ya kuileta haijafika. Ikizimika, yote inapotea. Ikiwa tunaiua ao hatuiue, ni sawa."

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Miendelezo ilikaa kwenye kumbukumbu, si kwenye diski. Mashine ikizimika, kazi zote zilizokuwa zinangoja zinakwisha. Tukaamua kuiandika kwenye diski kabla mafuta hayajaisha.

Tulijaribu mmoja. Ulikataa. Tukajaribu mwingine, ukakataa. Programu ililalamika kwamba ndani ya mwendelezo kuna kitu kisichoandikika, bila kusema ni kipi. Tukaanza kuufungua mmoja kama mtu anayepekua mzigo wa msafiri: jina, kundi, kituo, majibu, hesabu. Vyote vinaandikika. Kasereka ndiye aliyekiona.

"Mama, angalia. Iko inashika connexion ya base de données."

Kumbe mwanzoni mwa kila maongezi programu ilifungua njia ya kwenda kwenye hifadhi ya data, na kwa kuwa mwendelezo unashika kila kilichokuwa mkononi, kila mmoja ulikuwa umeishika ile njia muda wote huo. Njia hiyo ni kitu hai kati ya programu mbili zinazozungumza. Huwezi kuiandika kwenye diski, kama usivyoweza kuandika mlio wa simu.

Kwa maongezi mapya ilikuwa rahisi: fungua njia unapoihitaji, ifunge kabla ya kuuliza swali. Lakini yale ya Mangina yalikuwa yameshaishika. Tuliandika kipande kidogo kinachosema: unapoandika, ukikutana na ile njia, weka alama mahali pake, unaposoma, ukikutana na ile alama, fungua njia mpya uiweke pale. Jenereta ilianza kukohoa tukiwa bado tunaandika. Kasereka alikimbia chini kumwomba mwenye duka la mabati chupa ya mafuta, akarudi akayamimina kwenye jenereta. Tulibonyeza. Miendelezo ilianza kushuka kwenye diski mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na jina la mama juu yake. Tulisoma majina yakipita. Wa mwisho uliposhuka, mimi mwenyewe nilizima jenereta, na mtaa mzima ukasikika tena.

Na programu yenyewe ya siku ile hatukuigusa. Tuliiweka kwenye sanduku lake ndani ya mashine, pembeni ya mpya, kwa sababu mwendelezo hauwezi kuendelea kwenye mstari uliofutwa. Mkibadilisha programu, msisahau hili: ile ya zamani inaishi mpaka mtu wake wa mwisho amalize.

Mafuta yalifika, mashine ikawashwa. Majuma yakapita. Wengine walianza kurudi taratibu: jibu moja kutoka Oicha, jingine kutoka Beni. Maongezi mengine mpaka leo hayajajibiwa, nayo tumeyaacha kwenye diski.

Kisha alasiri moja Mama Kahindo alipanda ngazi za ofisi. Sikumjua mara moja, alikuwa amekonda. Alikuwa anakaa kwa dada yake, mtaa wa Mususa hapa Butembo, tangu walipokimbia. Alinishika mikono, akakaa, akatoa simu yake kwenye kitambaa.

"Hii ukurasa iko apa tangu ile siku," alisema. "Iliniuliza kama Masika alisha zala. Sikujibu, tulikuwa tunakimbia. Naogopa kubonyeza. Itaniletea mutu mwingine tena."

"Huyu Masika yuko wapi?" Kasereka aliuliza.

"Tulikimbia naye na tumbo yake. Ule wa pikipiki mwenye alikuwa analeta damu, bamusimamisha Beni, bakamukataza kupita. Akanipigia. Nikamuambia, ungojee palepale, tuko tunakuja." Alikunja kile kitambaa. "Bakamuwekea ile damu palepale Beni."

Kwenye simu, swali lilikuwa bado pale, na namba yake chini kabisa ya ukurasa. Kasereka alifungua diski kwenye mashine yake, akatafuta. Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa kwamba mwendelezo upo.

"Bonyeza, Mama," nilisema.

Alibonyeza ndiyo. Duara ilizunguka. Nilijua kila kilichokuwa kinatendeka ndani, niliandika mistari ile mwenyewe, na hata hivyo nilishika meza. Programu iliamka kwenye mstari wake, ikafungua njia mpya pale tulipoweka alama, ikauliza: Masika amepokea damu? Ndiyo. Watoto ni wangapi?

"Imemujua," Mama Kahindo alinong'ona. "Imejua ni Masika."

Aliandika mbili. Kwa kuwa walikuwa mapacha, programu ikafuata njia ambayo sikuwahi kuona mtu akiipita tangu tulipoiandika, ikauliza hali ya kila mmoja. Mwisho kabisa ikaacha nafasi ya mzalishaji kuandika lolote alilotaka. Mama Kahindo alifikiri, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, huku mimi na Kasereka tumeinama juu ya mabega yake kama watoto:

"Bote bananyonya."

Akatuma. Ukurasa ukajibu asante, maongezi yamekwisha.